Giaboksi Niliyokatazwa Kuigusa

Kwa miaka mitano niliijua giaboksi yote isipokuwa katikati yake. Niliweza kuishusha kutoka kwenye injini, kumwaga oili nyeusi, kung'oa kifuniko na kusugua meno ya gia kwa mafuta ya taa mpaka yang'ae. Niliweza pia kuifunga, bolti moja huku na moja kule, ili kifuniko kikae sawa. Lakini kila ilipofika saa ya kupanga vyuma vya ndani, fundi aliyenifundisha aliinua kichwa, akanitazama kama mtu aliyekumbuka jambo, akasema, "Kijana, hebu niletee maji moto."

Maji moto yalikuwa kwa mama muuza chai, ng'ambo ya reli. Kwenda na kurudi, pamoja na kungojea mabehewa yapite, ilikuwa karibu nusu saa. Nikirudi nakuta vyuma vyote vimeingia, shafti zinazunguka, na mzee anajifuta mikono bila haraka. Maji yenyewe hayakuwa na kazi. Aliyamwaga mlangoni, mbele ya macho yangu, na wiki iliyofuata akanituma tena, nikaenda tena. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, nina mke na mtoto kwetu magharibi, na nilikuwa nikitumwa maji ya kumwagwa.

Nilimkasirikia sana, na nilimpenda. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja moyoni mwangu na sikuwahi kuyatenganisha. Tulikuwa majirani mtaa wa Bondeni, Nakuru, ukuta mmoja tu kati yetu, na mkewe alinipa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, bila kuuliza kama nimekula. Mzee ndiye aliyeniingiza gereji siku ambayo sikuweza kutofautisha spana na koleo. Alinifundisha breki, klachi, kabureta, kila kitu, kwa subira ambayo hata baba yangu hakuwa nayo. Giaboksi tu ndiyo alinifungia mlango.

Mafundi wengi wa wakati ule walikuwa hivyo. Mmoja alificha spana zake, mwingine alifanya kazi akiwa amejifunika turubai kama bibi harusi. Mzee wetu alificha hesabu. Akifungua giaboksi alitandika magunia mawili sakafuni, akapanga vyuma juu yake kwa utaratibu aliouelewa yeye peke yake, kisha akachanganya humo chuma kimoja au viwili vya lori kuukuu, ili mtu akijaribu kuhesabu apotee. Yeye mwenyewe hakupotea hata siku moja. Wazazi wake walikuwa wamelima Olenguruone mpaka serikali ilipowahamisha, naye akashuka Nakuru akiwa na mikono miwili na kijisanduku. "Shamba langu ni hili," aliniambia mara moja, akigonga giaboksi kwa kifundo cha kidole. "Nikikukatia kipande, mimi nitalima wapi?" Ilikuwa kweli, na pia ilikuwa uchoyo.

Gari la kijani lilikuja siku ya Jumatatu, katikati ya miaka ya Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau. Lilikuwa gari la spoti, la viti viwili, fupi, limelala chini kiasi kwamba mbwa angeweza kumtazama dereva machoni. Mwenyewe alikuwa mzungu kijana aliyelima pareto na viazi upande wa Molo. Gari la namna hiyo Molo, kwenye ile baridi na matope, ni kama kuvaa viatu vya dansi kwenda kukamua ng'ombe, lakini alilipenda kuliko nyumba yake. Kila alipoteremka mlima kuja mjini, gia ya tatu iliruka yenyewe na kurudi katikati, na gari likaserereka bila breki ya injini. Alikuwa ameanza kuishikilia gia kwa goti. Jumapili kulikuwa na mashindano ya magari nje ya mji, na Jumamosi asubuhi alilitaka gari lake.

Mwenye gereji alikuwa Mhindi mmoja mwembamba ambaye sote tulimwita Tajiri, kama tulivyowaita waajiri wote siku zile. Alimwambia mzungu asiwe na wasiwasi. Jumanne mzee na mimi tuliinyanyua injini kwa mnyororo, tukaitenga giaboksi, na mzee akaifungua. Ugonjwa ulionekana mara moja: meno ya gia ya tatu yalikuwa yamelika pembeni, yamechongoka kama meno ya panya. Gia mpya ilikuwa imeshafika kwa treni kutoka Nairobi, imefungwa kwenye karatasi ya nta. Mzee aliondoa vyuma vyote, akavipanga kwenye magunia yake mawili, akaongeza takataka zake za lori, akaniambia tutamalizia kesho. Nikajua kesho nitakunywa chai ng'ambo ya reli.

Kesho haikuwa hivyo. Jumatano alfajiri Bondeni ilizingirwa. Tulitolewa vyumbani, wanaume wote, tukakalishwa chini kwenye uwanja, mikono kichwani. Sisi watu wa magharibi tulitengwa upande mmoja, tukaonyesha vipande vyetu vya utambulisho, tukaambiwa twende kazini. Wakikuyu walibaki wakipita mmoja mmoja mbele ya mtoa habari aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Mzee alipopita, lile gunia liliinama kidogo. Kumbe kuinama kidogo kunatosha.

Nilikuwa nimesimama karibu na lango, siwezi kuondoka wala kubaki. Walipompitisha, askari wawili kushoto na kulia, aliniona. Nilidhani atasema neno juu ya mkewe, au juu ya watoto. Akasema, "Ile giaboksi usiiguse. Iache vile iko."

"Mzee..."

"Nimesema usiiguse."

Askari akamsukuma, wakaenda. Mtu anapelekwa asikokujua, na neno lake la mwisho ni kulinda siri ya vyuma! Nilihisi machozi na hasira vikigombania uso mmoja.

Waliokamatwa waliwekwa kwenye kiwanja kilichozungushiwa seng'enge, kando ya barabara ya Molo. Habari zilienea kabla ya saa nne. Mtu ambaye mzungu wake angeleta barua kwamba anamhitaji kazini, angeachiliwa. Asiye na barua angepandishwa lori Jumamosi asubuhi, na malori hayo yalikwenda kambi za mbali, ambako watu hawakurudi baada ya wiki wala mwezi. Barua ya Mhindi haikutosha. Tajiri alijaribu asubuhi hiyohiyo, akarudi na barua yake mkononi na uso umemshuka.

Adhuhuri yule mzungu wa Molo akafika kuangalia gari lake. Akaona magunia mawili ya vyuma na gari tupu.

"Wapi ile fundi?"

"Nakamatwa, Bwana," Tajiri akasema. "Leo asubuhi. Hii kazi yeye peke yake najua."

"Na hii hapa?" Alininyooshea kidole.

"Hii najua kidogo tu."

Mzungu akalaani kwa Kiingereza, akaondoka, akarudi baada ya saa moja. Alikuwa amekwenda kwa mkuu wa polisi kumwombea mzee, naye akamkatalia. Alisema atajaribu tena, lakini gari analitaka Jumamosi, liwe limetengenezwa na fundi au na shetani. Halafu akaenda zake.

Tajiri akanivuta pembeni. Alikuwa mtu mwoga lakini hakuwa na roho mbaya. "Veve jaribu," akaniambia. "Gari kitembea, Bwana moyo yake tafurahi. Moyo kifurahi, naandika barua nzuri, nafuata polisi tena. Gari kikataa, moyo naharibika. Nani tasaidia mzee?"

Nililigeuza neno hilo kichwani kwa saa nzima. Lilikuwa na akili. Polisi wamekataa, kilichobaki ni mzungu awe na furaha, na mtu mwenye furaha hutoa. Upande mwingine kulikuwa na sauti ya mzee, usiiguse. Nilijiuliza kwa nini. Jibu nililolipata ndilo nililokuwa nalo miaka mitano: ananinyima. Hata akiwa ndani ya seng'enge bado ananituma maji moto. Nikajiambia kwamba nitamwokoa mzee kwa nguvu, hata kama yeye mwenyewe kwa uchoyo wake hataki. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Kama kulikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo, na nadhani ilikuwapo, wakati ule sikuiangalia.

Basi nikapiga magoti mbele ya magunia.

Sijawahi kuchanganyikiwa vile maishani. Vyuma vilikuwa pale vyote, nimevisugua mwenyewe, navijua kimoja kimoja kwa sura kama watoto wa jirani, ila sijui nani ni ndugu wa nani. Nilishika gia ya pili nikaigeuza: upande huu una ukingo, upande ule hauna. Ukingo unatazama mbele au nyuma? Nikaiweka mbele. Ikaingia vizuri. Nikaigeuza. Ikaingia vizuri pia. Kulikuwa na wosha moja, pete nyembamba ya shaba, ambayo kila nilipoiweka ilikaa kana kwamba imezaliwa hapo, na kila ilipokaa shafti ilikwama. Ilinichukua Jumatano yote iliyobaki kuamini kwamba ile wosha ni ya lori. Nikaitupa nje ya mlango, nikatoka kuiokota, nikiogopa nimekosea, nikaiweka mfukoni.

Halafu kukawa na sindano. Chini kabisa ya giaboksi kuna shafti fupi, na juu yake huzunguka gia nne zilizoungana kuwa kitu kimoja. Kati ya zile gia na shafti hupangwa vyuma vyembamba, duara zima, kila upande, navyo ndivyo tulivyoviita sindano. Nilizihesabu zikawa arobaini na tatu. Pande mbili, sindano arobaini na tatu. Nikahesabu tena juu ya gazeti, nikahesabu tena kwenye kibati. Nilifikiri labda upande mmoja una nyingi kuliko mwingine, nikajaribu ishirini na mbili huku na ishirini na moja kule. Zile ishirini na mbili hazikuenea, na zile ishirini na moja zilikaa sawa. Alhamisi asubuhi nilipata wazo la kuzisimamisha zote juu ya kioo cha dirisha kilicholazwa mezani. Moja ilikuwa fupi kuliko wenzake, kwa unene wa ukucha. Nilikaa nikaitazama. Mzee alikuwa amekaa jioni moja akatafuta katika mikebe yake yote sindano inayofanana na hizi, ili tu kunisumbua mimi. Nilimtukana kwa Kiluhya, peke yangu, kwa sauti.

Lakini hata zikiwa arobaini na mbili hazikukubali. Unazipaka grisi, unazipanga ndani ya tundu la gia, zinashika. Unashusha gia ndani ya sanduku, bado zinashika. Unapenyeza shafti kutoka nje, na hapo zinaanguka, tatu, nne, zinalia chini ya sanduku. Unatoa kila kitu, unaanza upya. Nilifanya hivyo mara saba. Nilibadilisha grisi. Nilifanya taratibu kama mtu anayevua mwiba kwenye jicho la mtoto. Mara ya nane niliketi sakafuni nikaona kwamba hii kazi haiwezekani, kwamba labda mzee ana mkono wa tatu, na ndiyo sababu hataki aonekane.

Katika kijisanduku chake kulikuwa na kijiti cha mzeituni wa porini, kimechongwa mviringo na kulainika kwa miaka ya grisi, urefu wa shibiri na kidogo. Mimi nilijua ni cha kujikunia mgongo, kwa sababu nilimwona mara nyingi akijikunia mgongo nacho. Siku ile nilikichukua kwa kazi hiyohiyo. Nilikuwa na jasho na grisi, mgongo unaniwasha, nikakipeleka begani, na nilipokirudisha mbele ya macho nikaona ncha zake. Zilikuwa zimekatwa kwa msumeno wa chuma, sawasawa kabisa. Nani hukata kijiti cha mgongoni kwa msumeno wa chuma? Nikakilinganisha na shafti. Unene ni ule ule. Nikakilinganisha na zile gia nne. Urefu ni ule ule, hakizidi hakipungui.

Nikaelewa. Kijiti kinaingia ndani ya gia badala ya shafti, sindano zinakizunguka na haziwezi kuanguka. Gia zinashushwa pamoja nacho. Kisha shafti ya kweli inaingia kutoka upande mmoja, inakisukuma kijiti, na kijiti kinatokea upande wa pili bila sindano kujua kwamba mwenyeji wao amebadilishwa. Nilifanya hivyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Nilizungusha shafti kwa kidole, ikazunguka kimya.

Nilicheka peke yangu mle gereji kama mwendawazimu. Nitasema ukweli hapa, maana ni kwa ajili yake ninaandika: katika saa ile sikumkumbuka mzee hata kidogo. Sikukumbuka barua, wala malori, wala seng'enge. Nilikuwa na giaboksi mkononi, katikati yake na yote.

Ijumaa ilikuwa ya kumalizia. Nilipoteza golori moja iliyoruka na springi yake ikagonga bati la paa, nikaitafuta saa mbili nzima nikaikuta ndani ya kiatu changu. Niliweka gia ya tatu mpya, nikaweka uma zinazosukuma gia, nikafunga kifuniko, na saa tisa Tajiri na mimi tulikuwa tukiinua mnyororo. Injini na giaboksi zilikuwa zimeshakaa garini mke wa mzee alipofika mlangoni.

Alikuwa ametoka kwenye seng'enge kupeleka uji. Vumbi la barabara lilimfika magotini.

"Shemeji," akasema, "nimemwona. Amenipa neno lako."

"Ameniambia nini?"

"Amesema usiiguse. Amesema mara mbili. Amesema iache kwa gunia, vile iko."

"Kwa nini? Hakusema kwa nini?"

"Askari alikuwa amesimama hapa," akaonyesha bega lake. "Tungeongea namna gani? Ameuliza tu kama umeigusa."

Gari lilikuwa nyuma yangu, limefunikwa na mwili wangu nusu. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kuuliza yeye anaonaje, maana alimjua mumewe kuliko mimi. Ningeweza pia kuishusha injini tena na kumwaga vyuma kwenye gunia, muda ulikuwapo. Lakini kichwa changu kilijaa kama soko: mzee anakataza, Tajiri anasema, mzungu anataka, na mimi nimeipata! Nimeipata peke yangu, nivunje? Na je, nikiivunja, na mzungu akaja kesho akakuta gunia, si ndio atageuka aende zake kwa hasira?

"Sijaigusa," nikamwambia.

Akatazama mikono yangu. Ilikuwa nyeusi mpaka viwiko. Mikono ya fundi huwa nyeusi siku zote, labda hakufikiri kitu. Alisema asante, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Kwa nini nilidanganya kama niliamini natenda wema? Swali hilo nilijiuliza jioni ileile nikiwa ndani kwa sababu ya kafyu, nikisikia kupitia ukutani akiwaimbia watoto.

Jumamosi mzungu alikuja mapema, ameletwa na gari la rafiki yake. Hakuwa na uso wa hasira. Alikuwa akipunga karatasi.

"Mimi napata!" akamwambia Tajiri tangu mlangoni. "Jana jioni nakula na yule mkubwa ya polisi. Nasema hakuna mtu ingine Nakuru naweza fanya hii kazi. Nakubali. Mimi natia sahihi hapa tu, halafu nachukua fundi sasa hivi, nafanya kazi mbio."

Tajiri alikuwa na haraka ya kumpendeza Bwana kuliko mimi nilivyokuwa na akili ya kusema. "Hapana haja kungoja, Bwana," akasema akicheka. "Gari tayari!"

Mzungu akasimama. Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Wewe?"

Nikasema ndiyo. Mpaka leo nashangaa jinsi neno hilo lilivyotoka upesi.

Aliingia, akawasha, akatoka nalo kwenda mpaka mteremko wa upande wa mjini na kurudi. Tulimsikia kabla hatujamwona. Aliposhuka alikuwa akicheka kama mtoto aliyefunguliwa shule. Ya tatu imekaa, akasema, goti limepata likizo. Akanipa mkono, akanipa pakiti nzima ya sigara. Kisha akachukua ile karatasi aliyoiacha juu ya meza ya Tajiri, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Bwana," nikasema, "na mzee?"

"Mzee gani?"

"Fundi, Bwana. Ile barua."

"Lakini barua nasema hakuna mtu ingine naweza kazi hii." Alikuwa akinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Sasa wewe iko. Mimi naandika uwongo kwa polisi? Hapana." Akapanda gari lake la kijani, akashika barabara ya Molo.

Nilimwomba Tajiri amfuate, amwambie neno. "Mimi tasema nini kwa mzungu?" akaniuliza, na kweli hakujua, wala mimi sikujua. Nikaondoka mbio na ovaroli yangu mpaka kwenye seng'enge. Malori yalikuwa yamekwisha kwenda. Wanawake walikuwa wakiokota mikebe ya uji iliyoachwa chini. Mke wa mzee alikuwa miongoni mwao, akaniona, akanisogelea.

"Bwana amekuja na barua?" akauliza.

"Amekuja nayo."

"Iko wapi?"

Niligeuka nikatazama barabara ya Molo. Akatazama mikono yangu tena, safari hii kwa makini. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Mwezi uleule aliwachukua watoto akaenda nao kwao, na chumba chao kikakodishwa kwa karani.

Jumatatu Tajiri alinipa meza ya mzee. Majuto ni mjukuu, watu husema, huja kinyume. Yangu hayakungoja kuzaliwa, yalikuwa yamekaa mezani yakinisubiri. Nilifungua giaboksi nyingi miaka ile, za malori ya viazi, za matrekta, za magari ya madaktari. Nikawa fundi wa giaboksi Nakuru nzima, watu wakinitafuta kwa jina la kazi yangu. Na kila nilipofunga kifuniko nilijadiliana na mzee kichwani. Nilimwambia: ungenieleza! Ungetafuta namna. Kwa miaka mitano ulinifundisha kwamba ukinificha kitu ni kwa uchoyo, sasa siku moja unanificha kwa sababu nyingine, mimi ningejuaje? Nilimshinda kila mara katika mabishano hayo, na sikupata nafuu.

Alirudi mwishoni mwa miaka ya hamsini, asubuhi moja ya mvua. Nilikuwa nimeinama kwenye giaboksi ya lori. Niliinua kichwa nikaona mtu mwembamba amesimama mlangoni, koti limemzidi, anachuruzika maji. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka yote hiyo, lakini yote yalinipotea.

"Mzee," nikasema. "Karibu. Karibu ndani, mvua."

Akaingia. Akaangalia vyuma nilivyovipanga kwenye gunia, akakohoa, akaketi juu ya tairi. Nilimwambia nitamtafutia chai, akakataa kwa kichwa. Tukakaa. Mvua ilipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba ilitubidi kungoja.

"Nilikuwa kwa lori tayari," akasema ilipopungua. "Tumefungiwa wavu nyuma. Hiyo gari ikapita kwa barabara. Nikaisikia ikipanda. Ya pili. Ya tatu." Akasikiliza kidogo, kana kwamba bado inapita. "Ya tatu ilikaa vizuri."

"Mzee, nilifikiri unaninyima kazi. Nilifikiri hutaki nijaribu kwa sababu unajua sitaweza."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nilijua utaweza," akasema. "Ndiyo maana nilikukataza."